Mipira Aliyoiondosha Philbert

Mpira wa kwanza ulianguka Jumanne, saa nne asubuhi, Edvina akiwa uani anamenya ndizi za mchana. Ulipasua jani la mgomba, ukadunda mara mbili na kutulia kando ya sufuria. Mumewe, Philbert, alitoka ndani pekupeku, akaugeuza kwa unyayo.

"Huu ni wa Kigali," alisema. "Kipindi cha pili, kona yao. Niliuondosha kwa kichwa."

"Ndiyo unarudi sasa?"

"Niliupiga juu sana."

Edvina aliusogeza pembeni, akaendelea kumenya.

Philbert alikuwa beki wa kati kwa miaka kumi na sita, tisa kati ya hiyo akichezea nchi. Alianzia viwanja vya mteremko vya Muleba, akaenda Bukoba mjini, kisha Dar es Salaam, kisha nje. Hakufunga bao hata moja. Kazi yake ilikuwa kuondosha hatari, na zama zake hatari zilikuja kwa juu. Sasa ana miaka arobaini na mitatu, amerudi kwenye kibanja, shamba la migomba la marehemu baba yake, na mipira yote aliyoiondosha ilikuwa inashuka.

Ilishuka mitatu kwa siku, wakati mwingine minne. Ya mechi za ugenini ilikuwa mingi zaidi, maana huko walishambuliwa sana. Jirani yao, Ma Kokuberwa, alikuja kusema kwamba mpira wa Lusaka umemvunjia mkungu ambao haujakomaa. Hakuja kugombana. Alitaka tu kujua ni mechi zipi zimebaki, ili maharage ayapande upande mwingine. Jumapili, mpira mmoja uligonga bati la kanisa katikati ya mahubiri. Mchungaji alingoja umalize kudunda, akaendelea na mstari aliokuwa amefikia.

Kilichomkosesha Edvina utulivu hakikuwa mipira, bali kwamba Philbert aliipiga tena. Tangu alfajiri alizunguka uani, akirudi kinyumenyume, shingo juu, hakai hata kula. Mpira ukitokea aliukimbilia, akaruka, akaupiga kwa paji la uso hadi ng'ambo ya mibuni. Akishatua chini aliuliza choo kiko wapi, kwenye nyumba aliyozaliwa. Jina la binti yao, Violeth, lilikuwa limempotea tangu Pasaka. Mechi hakusahau hata moja.

Edvina akampeleka Bukoba hospitali. Daktari alitazama picha za kichwa kwa muda mrefu.

"Huyu amegongwa sana, mama. Asipige kitu chochote kwa kichwa tena. Aliwahi kuzirai uwanjani?"

"Mara moja, ugenini, kwenye kona. Nilisikia redioni. Alilala dakika nne, wakammwagia maji, wakamrudisha. Akamaliza mechi."

"Ripoti ya siku hiyo unayo?"

Edvina alikuwa nayo kwenye mkoba. Iliandikwa malaria.

"Malaria haimwangushi mtu kwenye kona," daktari alisema. "Watafute wenye timu waisahihishe. Kwa karatasi hii hakuumia kazini, aliugua tu."

Edvina aliandika barua tatu. Baada ya miezi miwili walifika wageni wawili kutoka kamati fulani ya kumbukumbu za michezo, lakini walikuwa wamefuata mipira. Mkubwa wao, Bwana Mwesiga, ndiye aliyekuwa meneja wa timu mwaka ule Philbert alipozirai. Edvina aliwakaribisha kahawa, akaiweka ripoti mezani.

"Ulikuwepo," alimwambia.

"Nilikuwepo, mama. Tulikuwa tunaongoza moja bila. Tungemtoa yeye, yule mshambuliaji wao angekabwa na nani?"

"Basi andika hivyo."

Bwana Mwesiga alikuwa bado anakoroga kahawa wakati mpira ulipotokea juu ya mibuni, mweupe, una doa la damu. Philbert alimsukuma kando kwa bega, akaruka. Mlio wa pigo ulisikika hadi barabarani. Alianguka chali juu ya majani makavu, macho wazi, na hakuitika alipoitwa. Edvina alipiga magoti akamshika kichwa. Bwana Mwesiga alitazama saa yake. Dakika ya nne Philbert aliinuka mwenyewe, akauliza matokeo.

"Moja bila, tunaongoza," alisema Bwana Mwesiga.

Kisha akautia ule mpira kwenye mfuko, akashukuru kwa kahawa, akaahidi kuandika.

Na kweli aliandika. Barua ilifika baada ya wiki tatu, ikasema mpira umewekwa kwenye kabati la kioo, na kwamba kumbukumbu zimepitiwa upya: mchezaji aliugua malaria. Edvina aliisoma amesimama mlangoni. Alipofika kwenye sahihi alisikia mluzi wa mpira juu ya migomba. Philbert alikuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume.

Edvina aliiachia barua ianguke. Alikaza kanga kiunoni, akakimbia, akajitupa mbele ya mumewe na kuudaka mpira kwa mikono miwili.

Philbert alimtazama kwa aibu.

"Umenawa," alisema.

"Nimenawa."

"Ndani ya boksi! Tena makusudi. Hiyo ni kadi."

"Sawa, Baba Violeth. Kaa chini."

"Nitakaaje? Kuna penalti."

Mchana huo ilianguka mingine miwili, na Edvina akainawa yote. Kwa sheria alipaswa kutolewa nje, lakini hakukuwa na mwingine wa kuingia.