Wiki Sita za Kungoja Choo

Rosalind Pfeiffer alikuwa na kampuni ndogo ya kuchapisha vitabu Brooklyn, New York, juu ya duka la dobi, na washairi kumi na mmoja ambao hata mama zao hawakununua vitabu vyao. Wote walilishwa na kitabu kimoja cha muuguzi mstaafu, kuhusu kufunga choo. Hicho kiliuzwa kama njugu, hasa kwenye duka moja kubwa la mtandaoni.

Duka likamtuma Garrett Lindqvist kutoka Seattle, kijana nadhifu, kudai punguzo kubwa zaidi la bei. Wachapishaji wa New York hawajui kujadiliana bila chakula cha mchana, basi Rosalind akampeleka mkahawani. Garrett akasukuma kando supu, mboga, hata plamu, tunda la kulainisha choo, akatafuna kitofali kikavu cha protini alichokuja nacho mfukoni. Safarini, alisema, anaishi kwa vitofali hivyo tu. Rosalind akakataa punguzo, maana angekubali, washairi wote wangekwenda na maji. Garrett akamwambia atajuta.

Kesho yake, kwenye duka lile la mtandaoni, chini ya kitabu kile paliandikwa: kitafika baada ya wiki sita.

Hapo wakubwa wa Seattle walikosea hesabu. Riwaya mtu ataingoja wiki sita. Aliyefunga choo hangoji hata Jumapili ipite. Simu ya Rosalind ikaanza kulia, watu wakiagiza kwake moja kwa moja, na kila mpigaji akaapa kwamba kitabu ni cha rafiki. Hata hivyo mauzo hayakufika robo ya yale ya zamani, na washairi wakaanza kuulizia kazi za kuosha vyombo.

Siku ya nne ilipigwa simu kutoka hoteli ya ng'ambo ya barabara. Sauti ilijiita Smith, ikataka kitabu kiletwe upesi. Cha rafiki.

"Huyo rafiki bado anakula vitofali?" Rosalind akauliza.

Hapo Garrett akaacha kujiita Smith.

"Siku ya ngapi leo bila choo, mwanangu?"

"Ya sita, mama."

"Pole. Ila kwenu naona wanasema wiki sita."

"Mama, tafadhali."

"Mimi sina haraka. Nilikula plamu."

Saa moja haijapita, mtandaoni pakaandikwa: kitafika kesho. Rosalind akavuka barabara na kitabu, mkataba wa masharti yale yale ya zamani, na mfuko wa plamu kavu. Garrett alitia sahihi amesimama, kukaa kulimshinda, akanyakua mfuko kabla ya kitabu.

Rosalind aliporudi ofisini, alimkuta mshairi mmoja mlangoni na shairi jipya. Lilikuwa baya. Akalichukua.