Sakafu ya Moto ya Patron Bertin

Fundi Henri alipanga karo, marumaru za sakafu ya dushi, moja moja, akazigonga kwa mpini wa nyundo kusikiliza kama kuna uwazi chini. Chini yake alikuwa amelaza waya za kupasha sakafu moto, kwa sababu patron Bertin, mnunuzi wa dhahabu ya machimbo ya Misisi, alichoka kukanyaga baridi akitoka kuoga. Tunazungumzia mji wa Baraka, jamani, ambako mbuzi wanahama kivuli hadi kivuli na siagi haijawahi kuonekana ikiwa ngumu. Lakini shemeji yake wa Kanada anayo sakafu hiyo, na Bertin si mtu wa kupitwa na shemeji.

Bado hakukuwa na umeme. Henri aliacha ncha za waya zikining'inia ukutani, akasema siku umeme ukifika ataziunganisha. Asubuhi sakafu ilikuwa ya moto. Bertin alisimama juu yake na taulo kiunoni, akasema kweli huyu fundi anajua kazi.

Asubuhi hiyohiyo, nyuma ya ukuta wa Bertin, Cassilde aliwasha kuni. Ni mama wa Kirundi, alitoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda akaja kulimia watu mashamba. Ndimi za moto zilipanda vizuri, moshi ukamtoa machozi, ila maji ya sufuria hayakupata hata uvuguvugu. Aliingiza mkono katikati ya moto, akauacha humo akifikiri. Ulikuwa baridi. Kwa jirani yake Godelieve vilevile, na mtaa mzima. Binti wa Cassilde, Irankunda, alikuwa anatoka kwenye homa, hakuna kinachokaa tumboni ila uji. Unga mbichi aliutapika wote.

Huku kwetu moto haunyimwi, hata kwa mtu mliyekosana. Basi Cassilde alichukua kigae cha kubebea makaa, akaenda kubisha.

"Hodi, patron. Nakuya kuomba moto."

"Moto iko mingi, mama. Iko mu dushi. Vula viatu."

"Ni ya kwetu, patron. Tangu mulitengeneza ile sakafu, mafiga yetu yote iko baridi."

"Ni kweli," Bertin akasema. "Hata mi nilisikia inanuka moshi kidogo."

Mtu mkweli, tumpe haki yake. Henri alieleza kwamba karo nne zikivunjwa, kila moto utarudi kwa mwenyewe. Bertin akamwonyesha karo zenyewe, zilivyong'aa, akamuuliza kama ana akili.

Kwa hiyo bamama wanapika mu dushi, patron akishaoga. Wanachutama na sufuria zao, miguu wazi, wasichafue. Jumapili mchungaji alimwombea papa Bertin mbele ya kanisa zima, kwa huruma yake kwa wakimbizi. Watu walipiga makofi, na Godelieve naye.

Siku ile ya kwanza, Cassilde aliondoa uji haujaiva, maana patron alisikia jasho na alitaka kuoga tena. Alikutana naye mlangoni, sufuria kichwani. Bertin hakusogea. Alingoja.

"Aksanti kwa moto, patron."

"Ni bure tu, mama," Bertin akajibu, akaingia kuoga.