Kibuyu cha Upande wa Kushoto

Mwaka 1937, pamba ilipokwisha kuuzwa na ngoma zikaanza, hakuna mtu kati ya Nyegezi na Usagara aliyesifiwa kama Mayala, kiongozi wa ngoma wa Bagalu, kimoja cha vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Akikohoa, watu wake walisema amekohoa vizuri. Kwa hiyo doa jeusi lilipomtokea katika jicho la kushoto, kando ya mboni, hawakuuliza ni kitu gani. Walilisifu. Chenge, mganga aliyewapaka dawa kabla ya mashindano, alilitazama kwa mbali akatangaza, "Dawa yangu imepanda machoni. Sasa hakuna wa kukushinda!" Mayala akaamini. Tena akawa anasimama kageuza uso, ili wapita njia wasikose kuliona.

Sisi Bagika, wapinzani wao, tulicheka tu. Mtunzi wetu wa nyimbo alikuwa Luhaga, kijana aliyejiona kazaliwa na ulimi ambao wengine walinyimwa. Lakini hata yeye alikuwa na sheria yake: wimbo wa kejeli lazima uwe wa kweli. Ukimwimba mtu uongo, watazamaji wanakuzomea na kuhamia upande wa pili, na mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi.

Mchana mmoja tulikuwa tukikaza ngozi za ngoma, akaja Nyanzobe, mke wa Mayala, na mtungi kichwani.

"Shikamoo, mama," Luhaga akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mtukanaji?"

"Ndiye mimi. Nimekosa nini?"

"Umekosa kwa kutomtukana mume wangu jicho."

Luhaga akanitazama, mimi nikatazama ngoma.

"Lile doa lilikuwa kama punje ya ulezi," Nyanzobe akasema. "Sasa limekula upande mzima, limevuka mpaka kwenye weupe, na mboni imevutika kama tone la maji. Nikimpa kibuyu kutoka kushoto, anapapasa hewa. Nikimwambia aende kwa Daktari Liaqat mjini, ananicheka. Eti mwanamke anajua nini dawa ya ngoma."

"Na wenzake?"

"Wale? Akitumbukia kisimani watasema ameruka vizuri. Hakuna hata mmoja anayemtazama. Ninyi ndio mnamtazama, kwa kuwa mnamtafutia kasoro. Mwimbeni."

"Tukimwimba hilo, mama, tutamshinda."

"Shindeni mpaka mchoke. Mimi nataka akasirike, afike hospitali kabla hajanifia."

Tulipokutana uwanjani Usagara, Luhaga hakuanza na matusi ya kawaida. Aliimba taratibu, kila mtu asikie. Aliimba Kisukuma, kwa Kiswahili ni hivi:

Ewe Mayala shujaa, mbona kushoto huoni?
Doa limekula taa, limekwisha vuka mboni.
Chenge uongo kajaa, asema dawa i ndani.
Ukidaka nitakaa, nivue ngoma shingoni.

Kisha akamrushia kibuyu kidogo kitupu kutoka upande wa kushoto, polepole, kama mtu anavyomrushia mtoto. Mayala hakuinua hata kidole. Kibuyu kikampiga sikioni.

"Hakutaka kukidaka!" Chenge akapiga kelele.

"Basi arushiwe tena, safari hii atake!" mtu akajibu.

Akarushiwa tena. Kikampiga shavuni. Watazamaji wakahama kuja kwetu kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, na miongoni mwao niliwaona Bagalu waliolisifu doa lile kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kesho yake Mayala alikuwa mjini Mwanza, na mkewe nyuma yake. Usidhani alikwenda kutibiwa. Alikwenda kuchukua neno la daktari kwamba jicho ni zima, aje atuzibe midomo. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Nyanzobe mwenyewe.

Daktari Liaqat alifunga madirisha chumba kikawa giza. Akatia matone ya ganzi, akawasha taa ndogo nyembamba kama kalamu, akaigusisha ubavuni mwa jicho la kulia. Mboni ikawaka nyekundu yote, kama kaa la moto. Akahamia kushoto. Upande mmoja ukawaka; upande wa doa ukabaki giza.

"Njoo, mama, uone," akasema. "Ingekuwa maji, mwanga ungepita. Hiki ni kinyama cheusi, na kinakua. Ni saratani. Jicho litolewe wiki hii. Kikiingia kwenye ini, sina la kufanya; na siwezi kukuapia kwamba bado hakijaingia."

"Chenge alisema ni dawa," Mayala akasema.

"Chenge alitumia taa gani?"

Mayala, kwa sauti ndogo ambayo Bagalu hawajapata kuisikia, akasema, "Nikitolewa jicho, wataniimba mpaka nizeeke."

"Uzeeke basi," Nyanzobe akasema. "Ndicho ninachotaka."

Jicho likatolewa. Chenge hakukawia kupata maneno: dawa yake ndiyo iliyoukusanya uchafu mahali pamoja, daktari asihangaike kuutafuta. Bagalu wakampigia makofi. Na Luhaga, ambaye siku ile Nyanzobe alipotujia alikuwa haoni zaidi ya mtungi wake, akaeneza habari kwamba aliuona ugonjwa kwa macho yake mwenyewe, kutoka ng'ambo ya uwanja. Nilikuwapo, nilimwacha ajisifu, kwa kuwa mwenye haki ya kumsuta, yaani Nyanzobe, hakutaka kumsuta.

Msimu uliofuata Mayala alirudi Usagara, kitambaa kimefunika tundu la jicho. Kabla ya ngoma kulia akaita, "Luhaga! Nani alikuambia habari za kushoto?"

"Macho yangu!"

"Haya, rusha."

Luhaga akarusha, kwa nguvu, kutoka kushoto kama mara ya kwanza. Mayala hakugeuka. Mkono uliotoka na kukidaka kile kibuyu ulikuwa wa Nyanzobe, aliyekuwa amesimama kando ya bega lake la kushoto, mahali ambapo mwanamke hakuwahi kusimama katika ngoma ya Bagalu.

Watazamaji wakaelewa ni macho ya nani yaliyoona kushoto, wakatukimbia wote. Hata Chenge alisogea karibu na Nyanzobe, akijidai kwamba pale ndipo alipokuwa tangu asubuhi.