Zipu Iliyokwama Kifuani

Fundi Futi hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: vitu vya baiskeli. Jina la Futi lilitokana na ile futi ya kupimia nguo iliyokaa shingoni mwake kutwa nzima, na wenzake wa safari za Jumapili walisema hata akianguka barabarani ataanza kwa kupima shimo. Alikuwa na helmeti mbili na kichwa kimoja. Glavu jozi nne. Miwani ya kuzuia upepo, ingawa kwa mwendo wake upepo wenyewe haukuwahi kumsumbua.

Mkewe naye alikuwa na baiskeli, ila ilitundikwa kwenye msumari katika chumba cha cherehani, haina gurudumu la nyuma. Miaka miwili nyuma Futi aliiazima, akaingia nayo mtaroni, gurudumu likapinda kama sinia lililokaliwa. "Nitakuletea jingine mwezi ujao," alisema. Mwezi ukaja, zikaja glavu. Mwingine ukaja, ikaja miwani. Mkewe hakugomba, aliacha tu kuulizia. Futi, ambaye kwa ubishi hakuwa na mpinzani mtaa mzima, hakujua akifanye nini kimya kile. Ndipo siku moja akasimamisha cherehani, akaapa.

"Mama watoto, sigusi kitu kipya cha baiskeli mpaka yako itembee."

"Haya," mkewe alisema, akaendelea kuchambua vifungo.

Kiapo kilikuwa na umri wa wiki tatu pale duka la baiskeli lilipotundika dirishani suti nyekundu ya kuendeshea, kipande kimoja toka shingoni hadi mapajani. Bei yake ilikuwa ya kusomwa umekaa. Futi aliingia kuangalia tu. Lakini fundi cherehani haangalii nguo kama watu wengine. Aliigeuza ndani nje, akakagua mishono mmoja baada ya mwingine. Ilinyooka, haina hata uzi uliochungulia. Akajiambia kujaribu si kununua, akaingia nyuma ya pazia.

Zipu ikapanda hadi tumboni, ikagoma. Kila siku Futi huwafokea wateja kwamba zipu hailazimishwi. Sasa yeye mwenyewe akabana pumzi, akavuta kwa mikono miwili. Ikafika kifuani, ikang'ata kitambaa cha ndani, ikakwama. Haipandi, haishuki. Jasho jembamba likamtoka. Kuipasua ni kuinunua. Kumpigia mkewe simu alete mkasi ni kukiri, na alijua mkewe asingesema lolote. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko suti yenyewe.

"Kaka, imekukaa?" muuzaji aliuliza kutoka nje.

"Imenikaa sana," Futi alijibu.

Ndani ya suruali yake, iliyoning'inia ukutani, kulikuwa na kipande cha mshumaa. Mafundi hutembea nacho kwa kazi hiyohiyo. Akaipaka zipu nta, jino kwa jino, akakichomoa kile kitambaa taratibu kwa ukucha, mpaka ikaachia. Alipotoka alimkuta mama mwenye duka amesimama, mikono kiunoni.

"Umekaa humo nusu saa. Kulikoni?"

Futi akaona heri kusema kweli. Yule mama akaikagua zipu, akaipandisha na kuishusha, kisha akaburuta boksi kutoka nyuma ya kaunta.

"Suti kumi na mbili hizi, zote zimerudishwa kwa ajili ya zipu. Nitengenezee, na hiyo nyekundu ni yako."

Futi akameza mate. Hapo si kununua tena, ni ujira wa jasho lake, nani angemlaumu? Suti ilikuwa bado mkononi mwake, bado ina joto la mwili wake.

"Mama, una gurudumu la nyuma la baiskeli ya kike, zile za zamani?"

"Lipo. Lakini fundi, suti ina thamani zaidi."

"Najua," Futi alisema, na ilimuuma kweli. Akaitundika mwenyewe, akaipa kisogo.

Zipu zote alizimaliza kwa siku tano. Mkewe aliona zile suti mezani, asiulize. Siku ya sita Futi akaja na gurudumu, akalifunga palepale chini ya msumari. Mkewe akalizungusha kwa kidole, akalitazama mpaka liliposimama.

"Ulienda dukani."

"Nilienda."

"Kuangalia tu?"

"Nilivaa."

"Ehe! Ikawaje?"

"Ikakwama kifuani."

Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni, ameshika pedali asidondoke zaidi. Futi hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa muda mrefu, na hapo ndipo alipojua jinsi alivyokikosa.

Jumapili walitoka pamoja, mkewe na suruali yake ya nyumbani na helmeti moja kati ya zile mbili. Futi akamwonea huruma, miaka miwili bila mazoezi, akaahidi kumsubiri juu ya kilima. Katikati ya mpando akasikia kengele nyuma yake.

"Baba watoto, sogea kidogo."

Akasogea. Mkewe akampita, akageuza shingo.

"Ile suti ingekusaidia hapa?"

Jibu Futi alikuwa nalo. Pumzi ndiyo hakuwa nayo.