Makhana Juu ya Meko

Pale Chanzuru, ukitaka mbegu ya mahindi isiyoguswa na dumuzi, ulikwenda kwa Devota. Mbegu zilikuwa zinamtii mwanamke huyu, naye alilijua hilo, na tusifichane, alipenda na wengine walijue. Alizianika juani siku tatu, akazichanganya na majivu, akazitia kwenye kibuyu na kukining'iniza juu ya meko zipate moshi. Miaka ishirini hazijamwangusha.

Kwa hiyo bwana shamba Thadeo alipoleta ndoo ya makhana kwa kikundi chao cha akina mama, nani mwingine angekabidhiwa? Makhana ni mbegu za mmea wa majini, ndugu yake yungiyungi, ila huu majani yake yana miiba. Mbegu ni nyeusi na ngumu, lakini ukizikaanga zinapasuka na kuwa nyeupe kama bisi. Thadeo alisema zina protini, zitawafaa watoto wasioongezeka uzito kliniki, na wasafiri wanaosimama Mikumi watazigombania.

"Ila mama, zikae ndani ya maji mpaka siku ya kupanda," alisema. "Zisikauke kabisa."

"Nimekusikia, mwanangu."

Kusikia alisikia. Lakini mbegu ndani ya maji, jamani? Kijana wa juzi aje kumfundisha yeye kuozesha mbegu? Pikipiki ya Thadeo haijafika hata barabarani, ndoo imeshamwagwa na mkeka umetandikwa. Siku tatu za jua, majivu, kibuyu, meko. Kila kitu kama desturi.

Wakapanda kwenye bwawa la kikundi. Mwezi ukapita, mwezi wa pili ukapita, hakuna hata jani moja. Asubuhi moja Devota aliingiza mkono kwenye tope, akaopoa mbegu na kuivunja kwa jiwe. Ndani ilikuwa imekauka kama chaki. Hapo hapo akajua kosa ni lake, akaiangusha tena majini.

Akina mama wote walikuwa wamesimama ukingoni wakimtazama yeye. Kule upande wa pili bata wanane wa Sikuzani, jirani yake na mwenzao kikundini, walikuwa wanaogelea zao bila habari.

"Bata," Devota alisema.

Neno moja tu. Wala hakumtaja mtu, na baadaye alijitetea moyoni kwa hilo, kana kwamba bata wale walikuwa hawana mwenyewe. Sikuzani hakubisha. Alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kisha akamwita mjomba wake akawachinja wote wanane, ingawa mayai yao ndiyo yaliyokuwa mboga ya wanawe. Kila alipokutana na Devota njiani aliinama, "Shikamoo, dada," na Devota alijibu marahaba huku akitazama pembeni. Aliona aibu, tena aibu ya kumnyima mtu usingizi. Lakini kusema, hakusema.

Kisha Thadeo akawapeleka Mikumi, kwenye bwawa la kikundi kingine ambako makhana yalikuwa yamestawi. Majani yalikuwa mapana kama sinia, yametanda maji yote. Wakakaa ukingoni, wenyeji wakapitisha beseni la mbegu zilizokaangwa, na kila aliyetafuna alichota tena. Devota alitafuna mbili, akalisogeza beseni kwa mwenzake.

Thadeo alisema ndoo ya pili ipo, ila ofisini wanataka kwanza kujua kilichoiharibu ile ya kwanza.

"Kinajulikana," alisema Raheli, mwenyekiti wao. "Na mwenye bata atupishe kikundini leo hii, tusije tukanyimwa mbegu kwa uzembe wa mtu mmoja."

"Ni haki yenu," Sikuzani alisema. Akafungua kitenge cha sare ya kikundi alichojifunga juu ya gauni, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka mapajani kwa Raheli.

Devota alisimama.

"Nilizikausha," alisema. "Thadeo alinikataza, nikaona mimi ndiye najua. Nikazining'iniza juu ya meko. Mbegu zilifia nyumbani kwangu, bata hawakugusa kitu. Nimelijua hilo tangu siku ile pale bwawani."

Raheli alinyoosha kitenge kumrudishia Sikuzani, lakini Sikuzani hakukipokea. Alikuwa anamtazama Devota, wala si kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira.

"Dada," alisema polepole. "Siku walipochinjwa wale bata, nilikuletea bakuli la mchuzi."

"Uliniletea."

"Ukala."

"Nikala," Devota alisema.

"Na bakuli ukanirudishia mwenyewe mpaka mlangoni. Ukaniambia chumvi imekolea."

Devota alikumbuka. Alikumbuka hata alivyotabasamu. Aliitikia kwa kichwa, kwa sababu neno la kuomba msamaha lilikuwa limemkauka mdomoni.

Sikuzani akachukua kitenge chake kwa Raheli, akajifunga, akazunguka bwawa na kwenda kukaa upande wa pili peke yake.