Sahani ya Arobaini na Tisa

Saa mbili asubuhi jiko la kambi lilikuwa limeshaanza kunukia vitunguu. Mpishi, ambaye kikosi kizima kilimwita Mama Trei, alikuwa amesugua viazi na maganda yake na kuvichemsha hadi nusu ya kuiva, kwa sababu kiazi kina kiburi na soseji haina. Ukivitia ovenini pamoja vikiwa vibichi, soseji itaungua huku kiazi bado kimekunja uso. Alivichuja, akavitikisa kwenye sufuria hadi maganda yakachubuka kidogo ili yashike mafuta, kisha akavipanga kwenye trei moja, arobaini na vinane, kila kimoja na askari wake.

Trei yenyewe ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea kutokana na mlango wa ghala la zamani, na ilihitaji watu wawili kuiinua. Mama Trei aliiinua peke yake. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilikuwa imempa mikono ambayo koplo mmoja aliwahi kuipima kwa kamba kwa utani, akatazama kamba, akatazama mkono wake mwenyewe, na utani ukaishia hapo.

Katikati ya viazi alitia vitunguu vilivyokatwa vinene, vitunguu saumu visivyomenywa, chumvi, pilipili manga, na mafuta bila uchoyo. Juu yake soseji, tatu kwa kila mtu, zikiwa zimetobolewa kwa uma zisije zikapasuka. Oveni kali, dakika arobaini, kugeuza mara moja katikati. Ni chakula rahisi, chombo cha kuosha ni kimoja, na watu arobaini na wanane wanashiba. Sajini wa jiko alipenda kusema kwamba kama nchi ingeendeshwa kama trei ile, watu wasingekuwa na sababu ya kuandamana.

Sura zilitokea wakati wa kugeuza.

Hazikutokea kila siku. Siku ambazo kikosi kilishinda kambini kikipiga viatu rangi, viazi vilikuwa viazi. Lakini siku ya kutoka, kwenye dakika ya ishirini hivi, maganda yalijikunja yenyewe yakafanya pua, makunyanzi, sharubu, kidole cha mtu aliyezoea kushika shavu. Kwa hiyo jikoni walijua habari za maandamano kabla ya kamanda kupigiwa simu. Mwaka wa kwanza Mama Trei alidhani ni macho ya kiazi tu. Kisha kikatokea kimoja chenye pengo la meno mawili na chunjua chini ya pua, na kesho yake muuza maziwa, ambaye alikuwa na pengo hilo na chunjua hiyo, alileta maziwa kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alisema, "Leo sikubeba mengi, mtanisamehe," akamimina, akaenda zake. Tangu hapo hakuna aliyebishana na trei. Aliyekula kiazi, mkono wake ndio uliomfikia mwenye sura. Kambini jambo hilo lilijulikana kama lilivyojulikana kwamba bomba la tatu la bafuni halina maji ya moto.

Askari hawakuwa watu wabaya, waulize wenyewe. Walikuwa hata wamejiwekea utaratibu. Mtu akikuta ndugu yake kwenye sahani, alibadilishana.

"Nani anipokee huyu? Shemeji yangu."

"Lete hapa. Chukua huyu mzee, mimi wala simjui."

Wakashukuriana, wakapitishiana chumvi. Sajini alijivunia kwamba tangu ashike jiko lile, hakuna kijana wake aliyewahi kumpiga ndugu yake wa damu.

Kutokula hakukusaidia. Askari mmoja alimwonea huruma fundi viatu aliyemkuta kwenye sahani, akamtupia mbwa wa getini kile kiazi. Mbwa, ambaye hakuwahi kumng'ata mtu tangu azaliwe, alikata mnyororo, akamkuta fundi viatu kibandani kwake, akamshika koo na hakuachia. Mwingine alikitupa shimo la taka, na mwenye sura akaokotwa shimoni humo siku ya pili, kwa koleo. Baada ya hapo wakakubaliana kwamba kula ndiyo huruma.

Siku hii ilikuwa ya walimu. Paa la darasa lilikuwa limewaangukia wanafunzi kumi na mmoja, na walimu walitaka kutembea kimya kimya hadi ofisini kwa mtu aliyetia saini kwamba paa lile lilikuwa salama. Kamanda alikuwa ameambiwa wasifike.

Mdogo wake Mama Trei, kitindamimba wao, alikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule hiyo.

"Kesho usiende," Mama Trei alikuwa amemwambia.

"Dada, wawili walikuwa wangu. Wa dawati la mbele."

"Najua."

"Basi usiniambie nisiende."

Wakanywa chai. Mama Trei alimlea tangu akiwa na miaka sita, mama yao alipofariki. Alimsuka, alimfundisha kufunga kamba za viatu, na hakuwahi kumpiga hata kofi, mpaka majirani wakasema anamdekeza. Kosa lake moja lilikuwa la ngazi. Mtoto alianguka akapasuka kidevu, na dada mtu, aliyepaswa kumshika, mikono yake yote ilikuwa imeshika beseni la nguo. Likabaki kovu lililopinda.

Alilikuta kovu hilo safu ya tatu, upande wa mlango wa oveni.

Alisimama na koleo mkononi mafuta yakichuruzika sakafuni. Alitamani kuipindua trei yote chini, soseji na shule na kikosi, lakini hayo yangekuwa majirani arobaini na wanane shimoni badala ya mmoja. Kwa hiyo aligeuza viazi, akafunga oveni, akatoka kwenda kumtafuta Mpole.

Mpole alikuwa askari mwembamba aliyeamkia wafagiaji, aliyeosha sahani yake mwenyewe, na ambaye kwenye misiba alilia kuliko wafiwa. Kama ni lazima kiazi kile kiliwe, Mama Trei aliwaza, basi kiliwe na huyu.

"Mwanangu, yule muuza maziwa alikuwa kwenye sahani ya nani?"

"Yangu, mama."

"Ulimvunja mkono."

"Sikutaka. Mkono ukishaanza haukuulizi." Alikuwa akifuta kijiko kwa shati lake. "Nilihesabu mara kumi na moja. Halafu filimbi ikalia, tukaacha."

"Na isingelia?"

Mpole alifikiri kwa uaminifu. "Sijawahi kukaa bila filimbi, mama."

Mama Trei alirudi jikoni akiwa ameshaamua. Wale walikuwa na virungu, walikuwa na mafunzo, na hawakuwa na undugu na kidevu kile. Mkono wake yeye ulikijua kichwa cha mdogo wake kuliko kitana. Mkono huo usingethubutu. Trei ilipotoka alikichomoa kiazi cha safu ya tatu, akaziba pengo kwa kiazi cha akiba kisicho na sura, akakila kile chenye kovu amesimama kando ya sinki, na maganda yake, na chumvi. Kilikuwa kimeiva vizuri sana, na hilo lilimuudhi.

Walimu walifika kwenye daraja la kuelekea ofisini saa saba kasoro. Kazi ilichukua dakika ishirini na mbili. Mwalimu mkuu alipoteza jicho la kushoto. Mwalimu wa jiografia alivunjwa taya, na alipoanguka akavunjwa tena palepale. Mwanamke mmoja aliyekuja na picha ya mwanawe yenye kioo imefungwa kifuani alipigwa juu ya picha hadi kioo kikaingia ndani. Askari aliyepata kiazi cha akiba alizungukazunguka mikono mitupu, akarudi kambini akilalamika kwamba siku imempotea bure.

Mwalimu wa hesabu alikuwa katikati yao. Virungu vilimpita kulia na kushoto. Alimng'ang'ania askari mmoja mkono kwa mikono yake yote miwili, na askari akamtoa taratibu, akamwambia, "Samahani, mwalimu, wewe si wangu," akamruka, akaendelea na aliyekuwa nyuma yake.

Saa kumi alikuwa jikoni kwa dada yake, blauzi imelowa damu za watu wengine, filimbi ya michezo ikiwa bado shingoni. Hakuivua hata likizo.

"Hakuna aliyenigusa, Dada. Hata mkwaruzo. Wenzangu wananitazama kama niliyewauza."

Mama Trei alifurahi. Alifurahi kweli, na hakuona haya. "Kaa," alisema. "Nikupikie kitu chepesi."

Alikuwa amekata nusu ya kitunguu mkono wa kulia ulipoweka kisu chini. Baadaye alikumbuka kuushukuru kwa hilo. Ulichukua mwiko.

Pigo la kwanza lilikuwa la kiwiko, la pili la mtulinga, kama wanavyofundishwa. La tatu lilimkuta mdogo mtu bado ameketi, akisema, "Dada?" kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. La nne lilivunja mwiko, na mkono ukaendelea kwa ngumi. Ulimshika nywele ukampigiza ukingo wa meza mara mbili, ukamwachia, ukamfuata sakafuni. Mama Trei alijaribu kuushika kwa mkono wa kushoto, lakini wa kulia ulikuwa na miaka kumi na tisa ya trei, ukamkung'uta kama vumbi. Mdomo tu ndio uliobaki wake.

"Pole, mwanangu," alisema akipiga. "Pole. Puliza filimbi. Iko shingoni kwako. Pole. Puliza."

Mdogo wake hakuelewa. Alikuwa amejifunika kichwa, na mkono ulitafuta mbavu, ukazipata, mbili zikalia. Mama Trei alihesabu, maana hakuwa na kingine cha kufanya. Kumi na moja ikapita. Kwenye kumi na saba mwalimu alipata filimbi kwa midomo iliyopasuka akapuliza, pumzi fupi yenye damu, na mkono ukaacha. Ukajifuta kwenye aproni, ukaning'inia.

Walikaa sakafuni wote wawili. Kitunguu kilikuwa bado kinawachoma macho.

"Nilikuwa kwenye sahani ya nani?" mdogo mtu aliuliza, akitema jino. Habari za viazi mji mzima ulizijua.

"Yangu. Nilidhani mkono wangu hauwezi."

"Kwa nini hukuwaachia wenyewe?"

"Wangekuua."

"Wangenipiga hadi filimbi ilie." Alipumua kwa shida. "Na ningejua wa kumchukia."

Mama Trei alimwosha, akafunga kiwiko kwa vipande vya mwiko na kitambaa cha vyombo. Mdogo wake alivumilia bila kumtazama, kisha akachukua mkoba akaondoka. Alikwenda walikokuwa wamekusanyika wenzake, na walipomwona na uso ule walisogea kwenye mkeka wakampa nafasi.

Asubuhi yake Mama Trei alisugua viazi kwa mkono wa kushoto. Sajini wa jiko aliingia, akautazama wa kulia uliovimba hadi kwenye vifundo, akaelewa. Alikuwa ameona mikono ya namna ile mingi.

"Nani?" aliuliza.

"Mdogo wangu."

Sajini alivuta kiti akakaa. Alisikitika kweli. "Ungesema tu, Mama. Tungekubadilishia. Utaratibu upo."

Alitoa mfukoni chupa ya dawa ya kuchua, ile wanayopaka vijana wakirudi kazini, akampaka yeye mwenyewe, kidole kwa kidole.

"Walimu wanatoka tena leo," alisema akifunga chupa. "Kamanda kasikia habari zako. Weka arobaini na tisa."

"Na soseji?"

"Tatu, kama wenzako."

Kwenye trei nafasi ilipatikana kwa kubana kidogo vitunguu. Dakika ya ishirini aligeuza, haraka, bila kuangalia safu yoyote kwa muda mrefu. Mdogo wake hakuwemo; waliokwisha pigwa kwa kawaida hawakurudi siku ya pili. Saa nne askari walisogea kwenye benchi wakampa nafasi kati ya Mpole na koplo. Sahani yake ilikuwa na mzee mwenye upara na miwani, na amekunja uso kidogo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Mama Trei alimtazama pande zote. Hakuwa wa ukoo wao.

Akaomba chumvi.