Chai Haibembelezwi

Tangu apigwe na kiharusi, baba mkwe wangu hakumshika tena mjukuu wake, Wing-yiu. Nikimsogezea, anauficha mkono wake wa kushoto kwapani. "Ataanguka huyo. Mpe mama yake." Kana kwamba mama yake si mimi ninayempa.

Mkono huohuo ndio ulionyanyua mabirika ya chai ya maziwa miaka yote katika mgahawa ulio chini ya nyumba yetu, mtaani To Kwa Wan.

Jumapili nilitaka angalau nimfurahishe kwa kikombe. Nilichanganya majani ya chai, ya chenga na ya vumbi, nikayatia katika mfuko wa kitambaa mrefu kama soksi, nikachemsha. Kisha, Wing-yiu nimemfunga kifuani, nikaanza kuipitisha chai kwenye mfuko, toka birika hili kwenda lile, polepole, nisije nikamrushia mtoto tone la moto.

"We mwanangu, unafanya nini hapo?" akauliza kutoka kitini kwake.

"Chai, Baba."

"Chai? Nikadhani unamwogesha mgonjwa. Inyanyue juu! Majani yapigwe, yatoe harufu. Chai haibembelezwi."

"Nina mtoto kifuani."

"Mlaze."

"Akilazwa si unamjua? Majirani watahama."

Nikaendelea kumimina vilevile. Sikufanya kusudi, niliogopa kweli.

"Basi, basi! Unaiua!" Alishajisogeza mpaka ukingoni mwa kiti. "Niletee huyo mtoto kabla hujaninywesha maji ya kufulia."

Nikamfungua Wing-yiu, nikampa. Akaegemea vizuri, akamkalisha kwenye kiwiko cha kulia, na ule mkono wa kushoto akaupitisha tumboni kwa mtoto kama komeo. Ulikuwa unatetemeka. Wing-yiu akalidaka dole gumba la babu yake, akalitia mdomoni.

Nikabaki nimesimama.

"Unatazama nini? Juu!"

Nikanyanyua birika juu ya kichwa. Chai ikashuka kwa kishindo, ikaniunguza kidole.

"Auu!"

"Ehe, sasa unapika. Tena!"

Nilipigapiga mpaka harufu ikajaa chumba, nikaimimina kwa nguvu juu ya maziwa ya kopo yaliyokuwa kikombeni. Ikawa na rangi ya udongo mzuri. Nikampelekea.

Akakitazama kikombe. Akaitazama mikono yake, yote miwili imejaa.

"Nimchukue, Baba, upate kunywa?"

"Nani kakwambia nina kiu?"